Jua Linapolipuka, Rangi Zake Husema Nini?

Jambo hili bila shaka umeliona mara nyingi jikoni kwako. Sufuria ya wali iko juu ya jiko la gesi, ndimi za moto ni za buluu na zimetulia. Maji yenye chumvi yanafurika, yanachuruzika ubavuni mwa sufuria na kudondokea motoni. Mara hiyo hiyo moto unageuka kuwa wa manjano. Aliye jikoni hufunua mfuniko, hupunguza moto, kisha huendelea na shughuli zake. Wachache miongoni mwetu hujiuliza kwa nini rangi ile ni ya manjano siku zote, wala si ya kijani wala ya zambarau, na kwa nini chumvi ya Uvinza na chumvi ya Bagamoyo hutoa manjano ile ile.

Sababu ni kwamba ndani ya chumvi mna sodiamu, na sodiamu ikipata joto la kutosha hutoa mwanga wa rangi yake mahsusi. Haibadili rangi hiyo kwa kuwa iko Kigoma au Pwani, wala kwa kuwa iko duniani au angani. Ni kama kwamba moto umetaja jina la kitu kilichotumbukia ndani yake. Hapo ndipo ilipo asili ya elimu ninayokusudia kuieleza leo, nayo ni elimu ya kuusoma mwanga wa jua, hususan siku jua hilo linapolipuka.

Neno kulipuka lisikutishe. Hakuna kipande cha jua kinachovunjika na kuturukia. Mlipuko wa jua ni mng'ao wa ghafla unaotokea katika eneo dogo la uso wake, aghalabu karibu na yale madoa meusi, na hudumu dakika chache, pengine saa moja au zaidi. Eneo ni dogo kwa kipimo cha jua tu, maana dunia yetu nzima ingeweza kupotelea humo. Mlipuko mkubwa hutoa nishati inayofikia jouli 1 ikifuatiwa na sifuri 25, na hiyo ni zaidi ya mara elfu 10 ya nishati yote ambayo wanadamu wote hutumia kwa mwaka mmoja kwa viwanda, magari na majiko yao.

Sasa, nani amekwenda huko kupima? Hakuna. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Chombo kilichotangulia vyote kulikaribia, kile kiitwacho Parker kilichorushwa na Marekani, kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso wake tarehe 24 Desemba 2024, na hapo palikuwa mbali bado. Hivyo, tunapoambiwa kwamba gesi ya mlipuko ilikuwa na joto la kiasi fulani, ilibanana kiasi fulani na ilikwenda mbio kiasi fulani, tuna haki ya kuuliza: mmejuaje? Jibu ni kwamba wameusoma mwanga. Nami naona si vyema mwananchi aambiwe jibu hilo na kuachwa hapo, kana kwamba kusoma mwanga ni uaguzi. Ni kazi yenye hatua zinazoweza kufuatwa, na pia yenye mitego.

MISTARI YA FUNDI WA VIOO

Kila mtu ameona upinde wa mvua. Katika miaka ya 1660 Isaac Newton wa Uingereza alipitisha mwali wa jua katika kioo cha pembetatu, ambacho wataalamu hukiita prizimu, akaonyesha kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote zile. Utepe huo wa rangi uliotandazwa, kuanzia nyekundu hadi zambarau, ndio huitwa spektra.

Lakini Newton hakuona kilichofichika ndani ya utepe huo. Aliyekichunguza kwa makini alikuwa fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph Fraunhofer. Habari za mtu huyu zinastahili kusimuliwa hasa kwa vijana walio katika uanagenzi. Alizaliwa mwaka 1787, akawa yatima angali mtoto wa miaka 11, akapelekwa kwa bwana mmoja wa mjini Munich kujifunza kazi ya vioo. Mwaka 1801 nyumba ya bwana huyo ikaporomoka na kumfukia. Mtawala wa nchi, Maximilian Joseph, alifika mahali hapo wakati wa uokoaji, akaguswa moyo alipomwona kijana akitolewa hai kifusini, akampa fedha. Kwa fedha hizo Fraunhofer alinunua vitabu na vifaa vyake mwenyewe.

Kufikia mwaka 1814 hakuwa na mpinzani katika kutengeneza vioo safi. Alitaka njia ya kupima ubora wa vioo vyake kwa usahihi, na katika kufanya hivyo akautandaza mwanga wa jua kwa upana usiowahi kuonekana. Akakuta utepe ule umekatwakatwa na mistari myeusi, mingine minene, mingine myembamba kama unywele. Alihesabu 574. Mikubwa akaipa herufi za alfabeti, nazo zinatumika hadi leo: C katika nyekundu, D katika manjano, F katika buluu, H ukingoni mwa zambarau. Mwingereza mmoja, William Wollaston, alikwisha kuona michache kati yake mwaka 1802, lakini hakuifuatilia.

Fraunhofer alifariki mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 39, bila kujua mistari ile maana yake nini. Aliitumia kama vile seremala atumiavyo alama za futikamba. Miaka michache baadaye mwanafalsafa wa Ufaransa, Auguste Comte, akaandika kwamba vitu vilivyomo ndani ya nyota ni elimu ambayo mwanadamu hataipata kamwe. Hakukawia kukanushwa.

Waliomkanusha walikuwa wawili, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Bunsen alikuwa na taa ya gesi yenye moto usio na rangi yake yenyewe. Ndiyo ile ambayo wanafunzi wetu huitumia katika maabara za sekondari. Walitia chumvi mbalimbali motoni, moja baada ya nyingine, na kuutazama mwanga wake kwa prizimu. Kila kitu kilijibu kwa mistari yake, na hakuna viwili vilivyokuwa na mistari sawa. Husimuliwa kwamba usiku mmoja moto mkubwa ulizuka katika mji wa Mannheim, nao wakautazama kutoka dirishani kwao, kilomita nyingi mbali, wakatambua kwa mistari kwamba ndani ya ndimi zile mlikuwa na bariumu na stronti. Kama waliweza kujua kinachoungua Mannheim, kwa nini wasijue kinachoungua kwenye jua?

Kirchhoff akapata ufumbuzi. Aliweka moto wenye chumvi mbele ya mwali wa jua, akitarajia kwamba manjano ya moto itauziba ule mstari mweusi D. Kinyume chake, mstari ukazidi kuwa mweusi. Maana yake ni hii: atomu ileile inayotoa rangi fulani ikiwa peke yake, huizuia rangi hiyohiyo ikiwa mbele ya mwanga mkali zaidi unaotoka nyuma yake. Uso wa jua, wenye joto la kiasi cha digrii 5,500 za Selsiasi, hutoa rangi zote bila pengo. Mwanga huo hauna budi kupita katika gesi iliyo juu yake, isiyo na moto kama wake, na humo kila aina ya atomu hukata fungu lake kama karani wa ushuru njiani, ikaacha mengine yapite. Mstari mweusi ni ushuru uliokatwa. D ni wa sodiamu, C na F ni wa haidrojeni, H ni wa kalsiamu.

Kirchhoff alitangaza ugunduzi huo mwezi Oktoba, 1859. Tafadhali uukumbuke mwezi huo.

DAKIKA TANO ZA SEPTEMBA

Kwa kuwa wiki chache tu kabla yake, asubuhi ya Septemba 1, 1859, Richard Carrington, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia aliyeipenda elimu ya nyota kuliko bia, alikuwa katika chumba chake cha darubini huko Redhill, kusini mwa London. Aliielekeza sura ya jua kwenye ubao na kuchora madoa yake, kama alivyozoea. Ilipofika saa 5 na dakika 18, mabaka mawili ya mwanga mweupe mkali yakachomoza katikati ya kundi kubwa la madoa. Alidhani kwanza kwamba mwanga wa nje umepenya mahali. Alipohakikisha sivyo, akakimbia kumwita mtu awe shahidi. Hakuchukua hata dakika moja, lakini aliporejea akakuta mng'ao umekwisha kufifia. Dakika 5 baada ya kuanza haukuwapo tena. Bahati nzuri Mwingereza mwingine, Richard Hodgson, alikuwa ameuona akiwa kwake. Wakati huo kwa saa za huku kwetu adhuhuri ilikuwa imepita, na jua hilohilo liliwaka juu ya Unguja na Bagamoyo. Hakuna aliyeweza kuona kitu kwa macho matupu.

Saa 17 hivi baadaye sumaku zikaanza kutikisika ulimwenguni kote. Nyaya za simu za maandishi huko Ulaya na Marekani zikajaa umeme zisiopewa na mtu, na mianga ya ncha za dunia ikaonekana mpaka Kuba. Wengi walitaka kumsikia Carrington akisema kwamba alichokiona ndicho kilicholeta balaa hilo. Hakusema. Alieleza kwamba mambo mawili yamefuatana, na kwamba mara moja haitoshi kuwa ushahidi. Leo tunajua kwamba alikuwa ameona chanzo chenyewe, lakini mimi namsifu zaidi kwa uangalifu wake kuliko kwa bahati yake.

Mlipuko ule ulikuwa umeleta barua nzima juu ya hali yake, katika rangi za mwanga wake, nayo ikawasili wiki chache kabla ya mtu yeyote kujua kusoma. Hakuna aliyeitandaza kwa prizimu, na dakika tano zile hazirudi.

KARANI ANAPOGAWA FEDHA

Nini kingeonekana? Milipuko ya baadaye imetuonyesha. Nguvu ya mlipuko huwekwa akiba katika sumaku ya jua, iliyosokotwa juu ya madoa kama kamba inayovutwa na kupindwa. Kamba inapofyatuka, juu kabisa katika taji la jua, elektroni na joto hushuka kwa kasi na kuipiga tabaka ya gesi iitwayo kromosfia, ambayo ndiyo iliyokuwa ikikata ushuru wa mstari C. Gesi hiyo huchemka na kubanana, na sasa inatoa mwanga mwingi wa rangi yake kuliko ule inaouzuia. Karani aliyekuwa akikata sasa anagawa. Mstari uliokuwa mweusi unajaa, unang'aa, na kuzidi mwanga wa jirani zake.

Hii ndiyo alama ya kwanza ya mlipuko katika spektra, na ndiyo sababu milipuko mingi haionekani kabisa ukitazama jua katika mwanga wake wote; ule wa Carrington ulikuwa wa aina adimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mmarekani George Ellery Hale alitengeneza chombo cha kulipiga picha jua kwa rangi ya mstari mmoja tu, na tangu hapo milipuko ikaanza kuhesabika.

Mstari unaotazamwa zaidi ni huo C wa haidrojeni, katika nyekundu, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. (Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita.) Mistari ya kalsiamu nayo hung'aa. Pia kuna mstari mmoja wa manjano kwenye nanomita 587.6, ambao kwa siku za kawaida hauonekani kwa urahisi usoni mwa jua, lakini katika mlipuko mkali waweza kuchomoza. Huo ni wa heli, gesi iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kwa mwanga wa jua, wakati wa uchunguzi ulioanza na kupatwa kwa jua mwaka 1868, na isipatikane duniani mpaka William Ramsay alipoitoa katika jiwe mwaka 1895. Heli haitoi rangi yake ila kwa kusukumwa na nguvu nyingi sana. Kwa hiyo mstari huo ukichomoza, mtaalamu anajua kwamba pale pana moto usio wa kawaida.

Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Ugumu unaanza pale mstari unapokuwa mpana.

MSTARI MMOJA, HADITHI MBILI

Katika mlipuko mstari wa haidrojeni hauwi mwembamba kama uzi. Hupanuka kushoto na kulia, kama wino uliodondoka kwenye karatasi ya kunyonya. Kuna sababu tatu zinazoweza kuupanua. Ya kwanza ni joto, maana atomu zenye joto hukimbia huku na huko, na kila mwendo husogeza rangi kidogo. Ya pili ni msukosuko, yaani mafungu makubwa ya gesi yanayovurugika pamoja kama maji ya maporomoko. Ya tatu ni msongamano: atomu ikizungukwa na elektroni nyingi za jirani, umeme wao huivuruga hata rangi yake ikapoteza usahihi. Athari hii ya umeme ilionyeshwa na Johannes Stark mwaka 1913.

Mpana ni mpana. Utajuaje sababu ni ipi? Hapo ndipo panaponifurahisha mimi. Mtaalamu hategemei shahidi mmoja. Analinganisha mstari wa haidrojeni na ule wa kalsiamu, ambayo atomu yake ni nzito mara 40. Joto lilelile humkimbiza mwepesi zaidi ya mzito, mara 6 na zaidi kidogo katika hesabu hii. Kwa hiyo kama chanzo ni joto, mstari wa kalsiamu utakuwa mwembamba sana ukilinganisha. Kama ni msukosuko, wote wawili watachukuliwa sawasawa, kama mzee na mtoto ndani ya basi moja kwenye barabara yenye mashimo. Kisha analinganisha mistari ya haidrojeni yenyewe kwa yenyewe, kuanzia ule mwekundu kwenda kwenye ile ya zambarau. Kadiri mistari hiyo inavyopanda ngazi, ndivyo atomu inayoitoa inavyokuwa imetanuka na kuwa nyepesi kuvurugwa na jirani zake. Ikiwa mistari ya ngazi za juu ndiyo iliyopanuka zaidi, basi mwenye hatia ni msongamano.

Kwa njia za namna hiyo, wachunguzi kama Zdeněk Švestka wa kituo cha Ondřejov huko Chekoslovakia, ambaye mwaka 1976 alitoa kitabu kizima juu ya milipuko ya jua, walifikia jawabu kwamba sentimita moja ya ujazo ya gesi ya mlipuko katika kromosfia yaweza kuwa na elektroni trilioni 10 hivi. Idadi hiyo ni kubwa kwa mahali pale, ingawa sentimita hiyo hiyo ya hewa unayovuta sasa ina chembe nyingi zaidi mara milioni kadhaa. Kwamba mtu aliyeketi chini ya mawingu ya Ulaya aliweza kuhesabu elektroni za jua kwa kupima upana wa mstari, nadhani ni jambo la kusimama na kulistaajabia kidogo.

Mbali na kupanuka, mstari pia husogea. Umesikia king'ora cha gari la wagonjwa: likija sauti ni nyembamba, likishakupita sauti inakuwa nzito. Mwanga nao ni hivyo. Kinachotujia, rangi yake husogea upande wa buluu. Kinachotukimbia, husogea upande wa nyekundu. Mstari wa haidrojeni ukisogea sehemu ya kumi tu ya nanomita, mwendo wake ni kilomita 46 kwa sekunde.

Mwaka 1984 Wajapani Kiyoshi Ichimoto na Hiroki Kurokawa, wakitumia darubini ya jua ya Hida, walieleza kwamba mstari mwekundu wa milipuko huvimba zaidi upande wake wa nyekundu. Waliufasiri uvimbe huo kuwa ni gesi inayoporomoka kuelekea ndani ya jua kwa kilomita 40 hadi 100 kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa mwisho, safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka isingemaliza sekunde 10. Katika miaka hiyohiyo vyombo vya angani vilikuwa vikipima miali ya eksirei ya milipuko, na humo gesi yenye joto la mamilioni ya digrii ilionekana ikipanda juu kwa kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Moja inapanda, nyingine inashuka. Anayefahamu bunduki ataelewa: risasi ikienda mbele, kitako hupiga bega. Gesi iliyopigwa ghafla na elektroni hupasuka pande mbili, ile nyepesi ya moto juu, ile nzito iliyopoa chini, na mahesabu yalionyesha kwamba misukumo hiyo miwili huwa karibu sawa.

Hadithi nzuri, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Lakini huu hapa mtego wenyewe. Tuseme hakuna kinachoporomoka. Tuseme badala yake kuna wingu la gesi iliyopoa linalopanda juu, likipita kati yetu na mlipuko. Kwa kuwa linatujia, ushuru wake litaukata upande wa buluu. Upande wa buluu ukipungua, upande wa nyekundu utabaki umevimba, na picha itakuwa karibu ileile. Alama moja, hadithi mbili zinazopingana: kushuka na kupanda! Mwaka 2015 watafiti waliotumia darubini ya Sweden iliyoko kisiwani La Palma walilinganisha vipimo vyao na mahesabu ya kompyuta, wakaonyesha jambo linalofanana na hili hata kwa uvimbe wa upande wa buluu: kwamba usichukuliwe papo hapo kuwa ni gesi inayopanda, kwa maana mwendo wa gesi huhamisha pia mahali ambapo mwanga unazuiwa.

Je, hayo yanabatilisha kazi ya Wajapani? Hasha. Yanamlazimu tu msomaji wa spektra kutazama mistari kadhaa kwa pamoja, na sekunde baada ya sekunde, badala ya kuamua kwa picha moja. Ubishi mwingine uliopo ni juu ya mwanga mweupe wa milipuko adimu kama ule wa Carrington, kwamba unatoka katika kromosfia iliyopigwa au katika uso wenyewe wa jua uliopashwa joto chini yake. Mlipuko wa Machi 29, 2014, uliotazamwa na chombo cha angani kiitwacho IRIS, ulitoa ushahidi kwamba haidrojeni ya kromosfia ina mchango wake. Ubishi huo haujafungwa.

NA SISI HUKU?

Msomaji aliyechoka na kazi za juma zima anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini. Yanamhusu. Mwanga wa jua hutumia dakika 8 na sekunde 20 kutufikia, na pamoja nao huja eksirei za mlipuko, ambazo huichafua tabaka ya juu ya hewa ambayo redio za masafa mafupi huitegemea. Mawimbi ya redio humezwa humo badala ya kurudishwa chini. Balaa hilo hupiga upande wa dunia wenye mchana tu, na hupiga zaidi pale jua lilipo utosini, yaani sisi wa Ikweta tuko mstari wa mbele. Septemba 6, 2017, mlipuko mkubwa ulifikia kilele saa 9 na dakika 2 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, Afrika nzima ikiwa mchana. Mwenye redio ya masafa mafupi katika saa kama hiyo aweza kudhani betri zake zimekwisha. Wazee waliokuwa wakifuatilia Idhaa ya Nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyovipa nafasi vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, wanajua jinsi masafa hayo yalivyokuwa na thamani.

Balaa la pili huja polepole. Baadhi ya milipuko huambatana na mawingu ya gesi yenye sumaku, ambayo huchukua siku moja hadi tatu njiani. Wingu la namna hiyo liliuzima umeme wa jimbo la Quebec huko Kanada Machi 13, 1989, kwa saa 9 hivi, watu milioni 6 wakakaa gizani. Jua lilipotupa mawingu kadhaa mfululizo mwezi Mei, 2024, mianga myekundu ilionekana hata Namibia na Afrika Kusini.

Sasa zingatia hili. Dhoruba hiyo ilifika usiku wa Mei 10 kuamkia 11. Mei 12 mtandao wa intaneti ukakwama Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ilikuwa rahisi mno kuyaunganisha mambo hayo mawili, kwa maana yalifuatana. Lakini chanzo kilikuwa hitilafu ya nyaya mbili zilizotandikwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Jua halikuhusika.

Kwa wanaopenda kujaribu, au wenye watoto wanaouliza maswali mengi, kuna njia isiyo na gharama. Kwanza onyo: usilitazame jua kwa macho, wala kwa darubini, wala kupitia kioo chochote, na usimruhusu mtoto. Jicho huungua bila kuuma. Chukua sanduku la viatu. Upande mmoja kata ufa mwembamba kama ukingo wa wembe, na upande wa pili, ndani, bandika kwa mshazari kipande cha sahani ya muziki ya CD, kisha toboa tundu dogo la kuchungulia juu yake. Elekeza ufa kwenye taa. Balbu ya kizamani yenye waya ndani itakuonyesha utepe mzima wa rangi usio na pengo. Mrija mrefu mweupe wa ofisini au dukani utakuonyesha kitu tofauti kabisa: vipande vya rangi vilivyoachana, na kati yake mstari mkali wa kijani. Huo ni wa zebaki, iliyomo ndani ya mrija kwa kiasi kidogo kisichoonekana.